Gitare Linalosema kwa Kinywa cha Mtu

Sange ni mji mdogo katika uwanda wa Ruzizi, kwenye barabara inayotoka Uvira kwenda Bukavu. Upande wa machweo kuna milima. Upande wa macheo kuna mto Ruzizi, na ng'ambo ya mto ni nchi ya Burundi. Mchana joto ni kali. Jioni watu hukaa nje, na redio na simu husikika nyumba kwa nyumba. Husikika nyimbo za Kinshasa, za Bujumbura, za Dar es Salaam, na mara nyingine za Marekani.

Kati ya nyimbo za Marekani kuna mmoja unaoitwa California Love. Ulitolewa mwaka 1995, na hata leo haujasahauliwa. Ndani yake mna sauti ya ajabu. Inapanda na kushuka kama kinanda, lakini inatamka maneno. Watoto wakisikia sauti kama hiyo hubishana. Mmoja husema, "Huyo ni mtu aliyeziba pua." Mwingine husema, "Hapana, ni mashine tupu." Wa tatu husema, "Ni kinanda kilichofundishwa kusema."

Kila mmoja amekosa kidogo, na kila mmoja amepata kidogo. Kinacholia ni chombo. Lakini kinachosema ni kinywa cha mtu, na mtu huyo hatoi sauti yake hata kidogo.

Kifaa kinachofanya hivyo huitwa kwa Kiingereza talk box. Hapa tukiite kisanduku cha kusemesha. Aghalabu hutumiwa na wapiga gitare, na wapiga kinanda cha umeme hukitumia pia. Ukitaka kukifahamu, usianze na gitare. Anza na koo lako mwenyewe.

Koo na kinywa

Haya, weka vidole viwili kooni, pale penye kifundo kinachopanda unapomeza mate. Sema "aaaa" kwa nguvu. Chini ya vidole panatetemeka. Humo ndani mna mikunjo miwili midogo ya nyama, nayo huitwa nyuzi za sauti. Pumzi ikitoka mapafuni hupita kati yake na kuitetemesha. Kwa mwanamume hutetemeka mara 100 hivi kwa sekunde moja, kwa mwanamke mara 200 hivi, na kwa mtoto zaidi.

Sasa usiondoe vidole. Nong'ona "aaaa". Hapatetemeki tena. Hata hivyo mwenzako aliye karibu amejua kwamba ulisema a, wala si i. Nong'ona zote tano, a, e, i, o, u, naye atazitambua zote. Je, herufi hizo zimetoka wapi, ikiwa nyuzi za koo zimelala?

Zimetoka kinywani. Jaribu jambo jingine, utaamini. Zuia pumzi, uweke kinywa kana kwamba utasema o. Piga shavu lako polepole kwa kidole. Husikika mlio mdogo, kama tone la maji likianguka mtungini. Kisha weka kinywa tayari kwa e, upige tena. Mlio umepanda. Hukutoa pumzi, hukutumia koo, ila umegeuza umbo la kinywa tu.

Mtoto anayeteka maji analijua jambo hili, ingawa huenda hakulitia maanani. Bido tupu likiwekwa chini ya bomba, maji huanza na mlio wa chini. Kadiri linavyojaa, mlio unapanda, hata mtu aliyegeuka kuzungumza na wenzake hujua kwa masikio kwamba bido lake limekaribia kujaa. Sababu ni kwamba nafasi ya hewa ndani ya bido inapungua. Nafasi kubwa ya hewa huvuma chini, nafasi ndogo huvuma juu.

Kinywa ni bido lenye ulimi. Toka nyuzi za sauti mpaka midomoni, kwa mwanamume mzima, ni sentimeta 17 hivi. Ulimi ukipanda mbele, au taya ikishuka, au midomo ikichongoka, nafasi ya hewa inagawanyika kwa namna nyingine na kuvuma kwa namna nyingine. Tena kinywa hakivumi kwa mlio mmoja tu, bali kwa kadhaa pamoja. Miwili ya kwanza ndiyo inayotuambia herufi. Kwa a, mwanamume huwa na mvumo mmoja karibu na mitetemo 700 kwa sekunde, na wa pili karibu na 1,100 au 1,200. Kwa i, wa kwanza hushuka karibu na 300, na wa pili hupanda hata 2,200. Kwa u, yote miwili iko chini, karibu na 300 na 800. Sikio la mtoto hujifunza kuitofautisha kabla hajajua kutembea vizuri.

Basi sauti ya mtu ni kazi ya watu wawili. Koo hutoa mlio. Kinywa huuchekecha.

Chekeche na unga

Neno kuchekecha halikutumiwa bure. Mama anayetaka unga laini wa muhogo huutia katika chekeche. Chekeche haliongezi unga. Linapitisha huu na kuzuia ule. Kinywa nacho hakiongezi mlio wowote. Kinapokea mlio wa koo, ambao ndani yake mna milio mingi iliyochanganyika, na kinaipitisha mingine kwa wingi na mingine kwa uchache.

Pengine utauliza, je, mlio mmoja unawezaje kuwa na milio mingi ndani yake? Tazama uzi wa gitare. Uzi wa tano, ukikazwa sawasawa, hutetemeka mara 110 kwa sekunde. Huo ndio mlio unaousikia na kuuita kwa jina lake. Lakini uzi huohuo, wakati huohuo, hutetemeka pia kwa nusu zake mara 220, kwa theluthi zake mara 330, kwa robo zake mara 440, na kuendelea hivyo juu sana, kila mmoja ukiwa hafifu zaidi. Sikio haliitengi. Linaichukua yote kuwa sauti moja ya gitare.

Nyuzi za koo hufanya hivyohivyo. Koo hutoa mlio mmoja wenye mingi ndani yake, na gitare nalo hutoa mlio mmoja wenye mingi ndani yake. Ikiwa ni hivyo, kuna jambo gani linalozuia mlio wa gitare kuwekwa mahali pa mlio wa koo, kinywa kikauchekecha? Hakuna, ila njia ya kuuingiza kinywani.

Kisanduku chenyewe

Gitare la umeme, ukilipiga peke yake, halisikiki mbali. Uzi wake hupeleka umeme mdogo katika waya, waya unaingia katika ampli, ampli inaongeza nguvu, kisha bafle inaugeuza umeme kuwa sauti. Kila kwaya yenye gitare la umeme inajua njia hiyo.

Mwenye kisanduku cha kusemesha anaigeuza njia kidogo. Waya unaotoka katika ampli hauendi kwenye bafle, bali huingia katika kisanduku kilicho sakafuni karibu na mguu wa mpigaji. Ndani mna kipaza sauti kidogo lakini chenye nguvu nyingi, cha aina ile inayowekwa ndani ya tarumbeta za kutangazia. Kimefungwa pande zote, hata sauti haina pa kutokea ila tundu moja. Kwenye tundu hilo umechomekwa mrija wa plastiki, laini, wenye uwazi wa sentimeta moja hivi, na urefu wa kutosha kutoka sakafuni mpaka kinywani mwa mtu aliyesimama.

Mrija hufungwa kwenye mguu wa mikro, ncha yake ikizidi mikro kidogo. Mpigaji huikaribia mikro na kuichukua ncha ya mrija kwa pembe ya kinywa, kama wazee wanavyoshika mrija wa pombe. Lakini hapa hakuna kunyonya. Wala hapulizi. Watu wengi wanaomtazama kwa mara ya kwanza hufikiri anapuliza, na hapo ndipo wanapokosea. Mrija haupeleki kitu chini. Unaleta kitu juu.

Anapiga uzi. Mlio unapita katika waya, ampli, kisanduku na mrija, nao unamwagika ndani ya kinywa chake. Koo lake limenyamaza. Yeye anatamka maneno bila sauti, kama mwanafunzi anayemsaidia mwenzake darasani kwa kuchezesha midomo tu mwalimu asisikie. Kinywa kinauchekecha mlio wa gitare, nao unatoka katikati ya midomo ukiwa na umbo la neno. Mikro iko palepale, inaupokea, na mabafle makubwa yanaupeleka kwa watu.

Kwa hiyo njia za sauti ni mbili. Ya kwanza inaishia kinywani. Ya pili inaanzia kinywani. Mikro ikizimwa, aliye karibu sana tu ndiye atakayesikia gitare likisema. Kwa kawaida kisanduku kina kitufe cha kukanyaga kwa mguu. Akikikanyaga, sauti huacha mrija na kurudi kwenye bafle, na gitare huwa gitare tu.

Taabu zake

Kazi hii si rahisi kama inavyoonekana. Irabu hutoka vizuri. Konsonanti ndizo zenye taabu. Herufi p, b na m zinataka midomo ifungane, na mrija unaizuia. Herufi s na f hazitoki kwenye nyuzi za koo. Hutoka kwenye pumzi inayopita mahali pembamba, kwenye meno au midomo. Gitare halina pumzi, basi mpigaji huongeza pumzi yake kidogo, mikro ikaichukua. Wenye ujuzi huchagua maneno mapema, wakayaacha yale yatakayowaaibisha.

Taabu nyingine ni ya mlio wenyewe. Kumbuka kwamba i inataka mvumo wa karibu na 2,200. Uzi wa mitetemo 110 unaweza kufika huko, maana 110 mara 20 ni 2,200. Lakini huko juu nguvu yake imekwisha karibu yote, hasa uzi ukipigwa polepole. Chekeche halina unga wa kuchekecha. Ndiyo maana wapigaji huikaza ampli mpaka gitare linakwaruza. Mlio unaokwaruza umejaa milio ya juu, na kinywa hupata cha kuchagua. Kwa sababu hiyohiyo kinanda cha umeme hufaa sana, kwa kuwa mlio wake huweza kutengenezwa ukiwa na milio mingi ya juu tangu mwanzo.

Tena ukipiga uzi wa juu mno, herufi zinafifia. Mlio wa mitetemo 880 una 1,760 baada yake, halafu 2,640, na katikati hamna kitu. Kinywa kikitafuta 700 au 1,200 hakipati. Waimbaji wanawake wenye sauti za juu kabisa wanaijua taabu hiyo. Wakifika juu sana, wasikilizaji husikia wimbo lakini hawasikii maneno.

Meno nayo hutikisika. Sauti inayopita katika mrija ni kubwa kwa kinywa, na wengine husema kichwa chote kinavuma. Mate hutiririka ndani ya mrija. Mrija wa mtu mmoja haufai kutiwa kinywani na mwingine kabla haujaoshwa, kama kijiko. Na anayejaribu kwa mara ya kwanza aanze na sauti ndogo sana, kwa ajili ya masikio yake.

Walioanza

Mwaka 1939, huko Marekani, mpiga gitare Alvino Rey aliwashangaza watu jukwaani. Gitare lake lilisema na kuimba. Siri ilikuwa nyuma ya pazia. Mke wake, Luise King, alisimama pale na kifaa kidogo kooni, aina ya mikro za shingoni walizotumia marubani wa ndege. Kifaa hicho kiligeuzwa kikawa kipaza sauti. Mlio wa gitare uliingia kooni mwake kwa kupenya ngozi, naye akachezesha midomo kufuata mumewe anavyopiga. Watazamaji walimpigia makofi mume. Kazi ya kusema ilikuwa ya mke.

Katika miaka hiyohiyo Gilbert Wright alitengeneza kifaa kilichoitwa Sonovox. Kilikuwa na vipaza sauti vidogo viwili vya kushikilia kooni. Katika filamu ya Dumbo ya mwaka 1941, gari la moshi linalosema lilisemeshwa kwa kifaa hicho.

Mrija ulifuata baadaye. Mwaka 1964 Pete Drake wa Nashville aliimbisha gitare lake la chuma kwa mrija katika wimbo Forever. Mwaka 1970 alikuwa London, akisaidia kurekodi nyimbo za George Harrison, na kijana Peter Frampton akamwona. Mwaka 1973 fundi Bob Heil alimtengenezea Joe Walsh kisanduku chenye nguvu ya kutosha kwa viwanja vikubwa vya muziki. Mwaka 1976 Frampton akatoa sahani ya nyimbo alizopiga mbele ya watu, ikauzwa kwa mamilioni, na hapo gitare linalosema likajulikana duniani. Roger Troutman alitia mrija kwenye kinanda cha umeme, akasikika sana tangu mwaka 1980. Ndiye anayesikika katika ule wimbo wa mwaka 1995. Alifariki mwaka 1999.

Jirani wa ng'ambo ya mto

Lakini kazi ya kuunganisha uzi na kinywa haikuanza Marekani, wala haikungoja umeme. Sehemu nyingi za Afrika watu hupiga upinde wa muziki kwa kuuweka kinywani. Uzi hutoa mlio, na kinywa huuchekecha. Hicho ni kisanduku cha kusemesha kisicho na kisanduku. Burundi na Rwanda wana upinde uitwao umuduri, wenye kibuyu. Mpigaji huusogeza uwazi wa kibuyu kifuani, akaufunga na kuufungua, na mlio hubadilika kila mara.

Cha ajabu zaidi ni inanga ya Burundi. Ni ubao mmoja mrefu uliochongwa kama kihori, na uzi mmoja huenda na kurudi juu yake mpaka zinapatikana nyuzi nane hivi. Bashi wa Kivu nao wana chombo cha jamaa hiyo, wakakiita lulanga. Mpiga inanga wa Kirundi hukaa chini, akapiga nyuzi, na badala ya kuimba hunong'ona. Hunong'ona hadithi ndefu, sentensi baada ya sentensi, na mwenye kusikiliza husema ameusikia wimbo.

Lakini kumbuka jaribio la vidole kooni. Mnong'ono hauna mlio wa kupanda na kushuka, kwa sababu nyuzi za koo hazitetemeki. Wimbo umetoka wapi? Umetoka kwenye nyuzi za inanga. Maneno hutoka kinywani, sauti ya kupanda na kushuka hutoka kwenye ubao, na sikio la msikilizaji huviunganisha viwili hivyo likadhani vimetoka kwa mtu mmoja anayeimba. Talk box huunganisha chombo na neno ndani ya kinywa. Inanga huviunganisha ndani ya sikio. Hakuna mrija, hakuna waya, na mpigaji hatokwi na mate.

Tena kuna jambo ambalo watoto wa Sange wanaweza kulifahamu upesi kuliko wengi wa Ulaya. Katika Kirundi na Kifuliiru, kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno. Katika Kirundi, neno inda laweza kuwa tumbo, tena laweza kuwa chawa. Herufi ni zilezile, ila sauti huyatenga. Kiswahili hakina sharti hilo. Mtu akitaka gitare liseme Kirundi sawasawa, haitoshi kinywa kutamka herufi. Mkono nao lazima upandishe na kushusha sauti mahali panapostahili, au chawa watakuwa tumboni.

Wale walionyang'anywa koo

Mpaka hapa mtu aweza kusema kwamba huu ni mchezo wa wanamuziki tu. Kuna watu ambao kwao si mchezo.

Ugonjwa wa saratani huweza kushika koo, mahali pale penye nyuzi za sauti. Ukifika mbali, daktari hana budi kuliondoa koo la sauti lote ili kuokoa maisha. Mwishoni mwa mwaka 1873 daktari Theodor Billroth wa Vienna alifanya upasuaji huo kwa ajili ya saratani, na tangu hapo umefanywa pote duniani. Mtu hupona, lakini baada yake hupumua kwa tundu lililo chini ya shingo. Pumzi haipiti tena kinywani. Ulimi wake upo, meno yapo, midomo ipo, na maneno yote yamo kichwani. Akifungua kinywa aite mtoto wake, hakuna kinachotoka. Chekeche ni zima, unga umekwisha.

Basi apewe unga kutoka mahali pengine. Mwaka 1929 mafundi wa simu wa kampuni ya Bell, Marekani, walikuwa na koo la kutengenezwa. Pumzi ya tundu la shingoni ilipita katika kifaa chenye utepe unaotetemeka, kisha katika mrija mpaka kinywani. Utaona kwamba ni jambo lilelile la Frampton, miaka mingi kabla yake. Baadaye kikaja kifaa cha umeme wa mawe, kinachoshikwa mkononi kama tochi. Mgonjwa hukiweka shingoni, hubonyeza kitufe, kinavuma, na mvumo hupenya ngozi mpaka kinywani. Yeye hutamka, na neno hutoka. Vifaa hivyo vinatumiwa mpaka leo.

Sauti yake inafanana na ya mashine, maana kifaa cha kawaida huvuma kwa mlio mmoja tu tangu mwanzo wa sentensi mpaka mwisho. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati yake na gitare. Mzungumzaji wa Kiswahili ataeleweka, ingawa maneno yatakuwa makavu. Mzungumzaji wa Kichina, ambaye kwake neno ma laweza kuwa mama au farasi kwa sauti tu, hupata taabu zaidi, na msemaji wa Kirundi au Kifuliiru naye hivyohivyo. Kwa ajili yao na wenzao vimetengenezwa vifaa ambavyo kidole kikibonyeza zaidi mlio hupanda. Mtu huyo hujifunza kusema kwa kidole na ulimi pamoja, kama mpiga gitare.

Jaribio la redio

Hakuna haja ya kununua kisanduku ili kujua kama haya ni kweli. Patikane redio ndogo ya mawe, wala si iliyounganishwa na waya wa nyumbani. Patikane faneli ya plastiki, ile ya kumiminia mafuta, lakini mpya au iliyooshwa sana kwa sabuni, na mrija safi wa plastiki wenye urefu wa mkono mmoja. Mrija uchomekwe kwenye shingo ya faneli. Mdomo mpana wa faneli uwekwe juu ya kipaza sauti cha redio, na kandokando pazibwe kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, sauti isivuje.

Sasa redio iwekwe mahali pasipo na kituo, pale inaposema "shshshsh" tu. Sauti iwe ndogo. Mtoto mmoja ashike ncha ya mrija kwa pembe ya kinywa, azuie pumzi, atamke polepole bila sauti: a, i, u. Mwenzake aweke sikio karibu na midomo yake, macho yamefumbwa.

Atasikia mnong'ono. Redio imekuwa pumzi, na kinywa kimeugeuza uvumi wake kuwa irabu. Kisha atamke leo, halafu wewe, maneno yasiyotaka midomo ifungwe. Baada ya hapo redio irudishwe kwenye kituo chenye muziki, atamke wewe tena. Safari hii haitakuwa mnong'ono. Filimbi au gitare la wimbo huo, likipita kinywani mwake, litasema wewe, kwa sauti ambayo si ya yeyote kati yao.